Paneli za PVC ukutani: nilichokikuta nyuma yake baada ya miaka miwili

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Karibuni nyumbani kwangu, Kigamboni. Najua wengi mmefungua video hii kutafuta mawazo ya sebule, ya chumba cha kulala, ya jiko, na huko tutafika. Ila leo naomba tuanzie chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Nashusha kamera. Mnaona huu mstari wa rangi ya chai, unapanda, unashuka, unapanda tena? Chini yake plasta inamong'onyoka nikiigusa tu kwa kidole. Na hizi nyeupe nyeupe zinazong'aa kama unga ni chumvi. Huu ndio ukuta niliouvalisha paneli miaka miwili iliyopita.

Paneli yenyewe ni hii hapa, ya plastiki ya PVC. Upana sentimita 25, unene milimita 8, na ukiitazama kwenye ncha unaona ndani ni vijumba vitupu vimepangana. Ndiyo maana ni nyepesi hivi, naishika kwa vidole viwili. Fundi anapigilia papi, zile mbao nyembamba, ukutani kwa mlalo, nafasi ya kama sentimita 40 hadi 50, kisha paneli zinasimama moja ndani ya nyingine, ulimi kwenye mfereji. Ukuta wangu wa mita nne ulianza asubuhi, na jioni tayari tumetundika televisheni. Hakuna puti, hakuna kusubiri rangi ikauke, hakuna vumbi la msasa kwenye makochi.

Na nitakuwa mkweli kwenu, kwa miaka miwili nilizipenda. Mtoto alichora kwa kalamu ya wino, nikafuta kwa kitambaa chenye sabuni. Wageni waliingia wakauliza fundi ni nani. Rangi haikupauka, kwa sababu ukuta huu haupigwi jua. Dada mmoja jirani yangu aliweka upande wa dirisha la magharibi na zake zimeanza kugeuka manjano na kujipinda kwenye maungio. Kwa hiyo ukiniuliza kama bidhaa, je, inafanya inachoahidi? Inafanya. Ni kifuniko kizuri, kinaoshwa, na fundi wa kawaida anakiweza.

Tatizo nililianza mimi. Nilizinunua kwa sababu rangi ilikuwa inabanduka kila mwaka baada ya masika, nikachoka kupaka upya. Nilitaka kuuficha ukuta mgonjwa. Na dukani hakuna aliyeniuliza, mama, kwa nini rangi yako inabanduka?

Masika ya mwaka huu sebule ikaanza kunuka. Harufu ya nguo zilizofungiwa kabatini zikiwa mbichi. Nikaosha mapazia, nikaanika makochi juani, nikatoa zulia. Harufu ipo. Siku tuliyobandua paneli ya kwanza ndipo nikaelewa. Nyuma yake, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua changu, ukuta mzima ulikuwa mweusi kwa ukungu. Papi za chini zimelowa, zimevimba, na mbili zilikuwa na njia za mchwa. Plastiki mchwa hali, ni kweli, lakini mbao inayoishikilia anaila bila haraka, na wewe umekaa mbele yake unatazama taarifa ya habari.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hili ndilo lililonifanya nirekodi.

Tofali la mchanga na saruji lina vinyweleo. Maji ya ardhini yanapanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, hakuna anayeyasukuma. Yakifika ndani ya chumba yanakauka usoni mwa ukuta, na chumvi yaliyobeba inabaki. Ile chumvi ikiganda inatanuka, inasukuma rangi na plasta, ndipo unaona ukuta unapukutika. Ukanda wetu wa pwani una mawili ya kuongeza: ardhi yenyewe ina chumvi, na zipo nyumba zilizojengwa kwa mchanga uliochotwa karibu na bahari. Kwa kawaida maji haya hayapandi zaidi ya mita moja hivi, kwa sababu yakifika hapo hewa imeshayakausha. Sasa wewe ukiziba uso wa ukuta kwa plastiki, hewa haipiti tena. Maji hayaachi kupanda. Yanatafuta juu zaidi pa kutokea. Ndiyo maana ukungu wangu ulifika kifuani, wakati zamani rangi ilikuwa inabanduka magotini tu. Na rangi ya mafuta inafanya vivyo hivyo, msidhani ni paneli peke yake. Zile karatasi nene za sponji zenye mfano wa tofali, za kubandika kwa gundi, ndizo mbaya kuliko zote, maana zimeshika ukuta moja kwa moja bila hata uwazi wa papi.

Kabla hujanunua chochote cha kufunika ukuta, fanya jaribio hili. Kata nailoni safi, inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita. Ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, hewa isiingie. Iache siku nzima, saa 24. Ukikuta matone upande wa nyuma, ule ulioelekea ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa mbele, ulioelekea chumba, basi ni unyevu wa hewa ya ndani, pengine mvuke wa jikoni au dirisha halifunguliwi. Dawa zake ni mbili tofauti kabisa, na kosa la kwanza ni kutibu hili kwa dawa ya lile.

Wangu ulitoka ukutani. Nikamwita fundi, mzee wa Tanga aliyejenga nyumba nyingi za pwani. Hakuutazama ukuta kwa muda mrefu. Aliweka kiganja, akakiondoa, akaniambia, "Mama, twende nje, kesi iko huko." Na kweli. Nilikuwa nimepanda maua upande ule, nikarundika udongo wa bustani kwenye ukuta mpaka ukapita usawa wa ile nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia maji, ambayo mafundi huiita DPC. Kwa maneno mengine, niliyajengea maji daraja la kuvukia. Juu yake mfereji wa bati ulikuwa na tundu, mvua yote ikimwagika palepale. Maua nayapenda, lakini yamehama.

Tulitoa udongo, tukaziba tundu la mfereji, tukachimba mtaro mdogo wa kupeleka maji mbali. Ndani tukabomoa plasta mpaka juu ya alama ya unyevu, isipokuwa kile kipande nilichowaonyesha mwanzo. Halafu, subira. Mafundi wa majengo ya kale hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta kukauka. Tofali langu ni la inchi 6, fanyeni hesabu. Miezi yote hiyo nimekaa na sebule yenye ukuta wazi, na nimepokea wageni hivyohivyo.

Badala ya plasta ya saruji, mzee amenishauri chokaa, naye ana sababu. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zimesimama kando ya bahari kabisa, na chokaa huruhusu unyevu kutoka. Huko huko, walipokarabati kuta hizo kwa saruji, unyevu ulifungiwa ndani na jiwe likaanza kuoza. Mchanganyiko wetu ni fungu moja la chokaa iliyolowekwa kwa mafungu matatu ya mchanga wa mtoni uliochekechwa. Chokaa haikauki tu, inavuta hewa ya ukaa na kurudi taratibu kuwa jiwe, kwa hiyo usiiharakishe kwa jua kali, inyunyizie maji. Juu yake utapaka chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitatu au minne. Ukungu hauipendi. Vaa glavu na funika macho, tafadhali, chokaa mbichi inachoma ngozi, na jichoni ni hatari kubwa.

Sasa vyumba vingine.

Bafuni, dari ya PVC weka, sina shaka nayo, ni mahali pake hasa, mradi kuna tundu la kutolea mvuke. Jikoni sitaiweka karibu na jiko la gesi. Plastiki hii huanza kulegea kwenye nyuzijoto 80 hivi, na ikiungua inatoa moshi wa tindikali unaobana kifua. Nyuma ya jiko weka vigae.

Dari ya sebule watu mnaniuliza sana, jipsamu au PVC? Jipsamu. Kwanza kwa moto: ndani ya jipsamu kiasi cha moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa kwenye chembe zake, kwa hiyo moto lazima uyachemshe kwanza kabla haujapita. Pili, bati likivuja, jipsamu inakuonyesha doa la kahawia kesho yake. PVC inayakusanya maji kimya kimya juu ya kichwa chako.

Chumba cha kulala hakihitaji ununue kitu. Kabati likiwa limegusa ukuta wa nje, lisogeze mbele kwa upana wa kiganja. Nyuma ya makabati ndiko ukungu unakozaliwa, kwa sababu hewa imesimama, na nguo zenu zinanuka mnalaumu sabuni.

Na kwa mliopanga chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, nimewasoma kwenye maswali yenu, siwasahau. Msiwekeze kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Wekeza kwenye pazia. Litundike juu, karibu na dari, lishuke mpaka sakafuni hata kama dirisha ni dogo, chumba kinarefuka. Kioo kikubwa kiweke mkabala na dirisha, mwanga utaingia mara mbili. Na kitanda kisizibe njia ya upepo kati ya mlango na dirisha.

Wazo ninalolipenda kuliko yote nalitoa Lamu. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, chini ya mita tatu. Katika chumba chembamba hivyo kabati linakula nafasi ya mtu. Wao wakachonga zidaka, vishubaka ndani ya ukuta, safu juu ya safu, wakavinakshi kwa chokaa na kuweka humo sahani za kaure na vitu vyao vya thamani. Ukuta wenyewe ukawa kabati na ukawa pambo. Ukuta wangu wa inchi 6 siwezi kuuchimba, ni mwembamba, lakini pale kwenye ukuta wa katikati, kati ya sebule na korido, tumejenga kuta mbili nyembamba za mbao kavu na kuacha vishubaka sita kati yake. Njooni na kamera, ndivyo hivi. Hiki cha juu nimeweka chetezo cha marehemu bibi yangu, na taa ndogo nyuma yake.

Paneli zangu sikuzitupa. Nilizoosha na kukausha nimezihamishia hapa kando ya zidaka, kwenye ukuta wa ndani usiogusa udongo wa nje, nyuma ya televisheni. Hapo zimetulia na zinapendeza. Papi safari hii nimezipiga kwa wima, na juu na chini nimeacha uwazi wa kidole ili hewa ipande. Kwa ukuta mkavu naziunga mkono bila kusita. Kwa ukuta wa nje wa nyumba ya pwani, hapana, hata fundi akikuapia.

Bado ukuta huu wa mstari wa chai haujajibu. Tumeubomoa robo tatu, hiki kipande nimekiacha ili mkione. Nailoni yangu hii, nabandika sasa hivi, saa nne kasoro robo asubuhi, hapa palipobomolewa mwanzo. Upande huu, na huu, na chini. Naandika muda kwa kalamu pembeni. Kesho saa nne kasoro robo nitaibandua kamera ikiwa wazi. Ikiwa kavu, mzee ataanza kuloweka chokaa. Ikiwa na tone hata moja, tutasubiri tena.