Chakula cha paka mwenye kisukari: bandua kwanza kibandiko cha bei

Mwezi uliopita nilinunua katoni nzima ya pakiti za chakula cha majimaji kwa ajili ya Pweza, paka wangu mwenye kisukari, kwa sababu muuzaji mmoja wa karibu na Soko la Darajani, hapa Zanzibar, alinihakikishia kwamba chakula laini ndicho cha wagonjwa. Kwa siku nne Pweza alilamba mchuzi, akaacha minofu na kulia njaa usiku kucha, na sukari yake ikapanda. Nilipobandua kibandiko cha bei, nikakuta chini yake orodha ya viambato, na ndani ya orodha hiyo mlikuwa na ngano na sukari.

Paka wa namna hii halii kwa ulafi. Sukari imejaa katika damu yake, lakini kwa kuwa insulini ni pungufu au haifanyi kazi ipasavyo, sukari hiyo haiingii katika seli, na mwili unajiona una njaa ilhali tumbo limeshiba. Kumwongezea bakuli la pili hakumtulizi. Anachohitaji ni protini nyingi na wanga kidogo, kwa kipimo na kwa wakati.

Tatizo ni kwamba kiasi cha wanga aghalabu hakiandikwi, hivyo inambidi mnunuzi akitafute mwenyewe: chukua asilimia 100, utoe asilimia za protini, mafuta, unyevu, majivu (yaani madini) na nyuzinyuzi, na kinachobaki ni wanga kwa makadirio. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, nami nikiwamo. Tuseme pakiti ya mchuzi ina protini 8, mafuta 4, unyevu 82, majivu 2 na nyuzinyuzi 0.3; kinachobaki ni 3.7, nawe unafurahi. Lakini maji si chakula. Ukiyaondoa, kilichobaki ndani ya pakiti ni sehemu 18 tu, na 3.7 katika 18 ni zaidi ya asilimia 20. Kopo la nyama iliyopondwa lenye protini 11, mafuta 5, unyevu 80, majivu 2.5 na nyuzinyuzi 0.5 linabakiwa na 1 katika 20, yaani asilimia 5. Vyote viwili muuzaji huviita chakula laini. Tofauti imo katika mchuzi, ambao mara nyingi huwekwa unga ili uwe mzito, kama tunavyofanya jikoni kwetu.

Chaguo langu la kwanza, wala sifichi upendeleo, ni Purina Pro Plan DM ya kopo, iliyotengenezwa mahsusi kwa paka wenye kisukari. Mimi huiagiza kupitia daktari wa mifugo, nayo huletwa kwa boti kutoka Dar es Salaam. La pili ni Hill's m/d ya kopo, ambayo sina ugomvi nayo isipokuwa kwamba Pweza huinusa na kuondoka. La tatu ni Fancy Feast Classic ya kupondwa, ukipata mtu wa kukuletea akitoka safari. Hiyo si chakula cha tiba, ila wanga wake ni mdogo, mradi usichanganyikiwe ukachukua ile ya mchuzi. Royal Canin Diabetic ya punje kavu naiweka ya nne, kwani punje, hata zikiwa za tiba, huhitaji wanga ili zishikane. Punje za kupimiwa kwa kilo kutoka gunia lililofunguliwa hazina hata karatasi ya kusoma. Samaki aina ya changu wa kuchemsha bila chumvi anafaa kuwa kitoweo cha kuamsha hamu, lakini si mlo kamili.

Usibadilishe chakula siku moja bila kumwambia daktari. Wanga ukipungua ilhali kipimo cha insulini ni kilekile, sukari inaweza kushuka mno; paka akilegea au kuyumba, mpake asali kwenye fizi na umkimbize kwa daktari. Wengi huchomwa kila baada ya saa 12, na sisi tuna bahati ya saa zetu: Pweza hula na kuchomwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ingawa mwezi wa Ramadhani sindano hiyo ya jioni hugongana na haraka za futari. Asipokula, sindano haichomwi kwa mazoea. Nampigia daktari kwanza. Nunueni pia mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kikombe kinadanganya.

Ama kuhusu bei, najua mizigo inavuka bahari na najua kodi, lakini kopo moja kuzidi kitoweo cha nyumba nzima ni jambo zito. Zito zaidi ni hili la vibandiko. Kopo lina uso mpana ulio wazi, na bado bei inabandikwa palepale penye vipimo. Nilipouliza sababu niliambiwa, "Bi mkubwa, paka hasomi." Tangu siku hiyo nakwenda dukani na kichupa cha mafuta ya nazi mkobani; tone moja hulegeza gundi, nami nasoma palepale mbele ya muuzaji kabla sijatoa pesa.