Uzoefu wangu na Feeder: kufuata tovuti zangu zote mahali pamoja kwa RSS

Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya kazi hii ambayo mteja haioni ni kusoma. Meli gani imebadilisha ratiba, ushuru upi umeguswa, njia gani ya bahari imeingia hatari. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalipozifanya kampuni kubwa za meli ziuache Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wateja wenye mizigo kutoka Ulaya walipiga simu kutwa kucha wakiuliza makontena yao yako wapi. Majibu yalikuwapo, ila yametawanyika: mengine kwenye tovuti za habari za meli, mengine kwenye matangazo ya kampuni zenyewe, na mengine kwenye makundi ya WhatsApp ambamo habari ya wiki iliyopita husambazwa upya kana kwamba imetokea leo.

Aliyenielekeza kwenye RSS, njia ya kuzifanya tovuti zikuletee mambo yao mapya, ni mtoto wa kaka yangu, kijana anayesomea kompyuta. Alinikuta ofisini nimefungua vichupo chungu nzima kwenye kivinjari, nahama kutoka tovuti moja hadi nyingine kuangalia kama kuna jipya.

"Shangazi, mbona unahangaika kuzifuata? Hizi zinaweza kukujia zenyewe hapo ulipo."

"Zinijie vipi, mwanangu? Kwa barua pepe?"

"Hata barua pepe huhitaji. Nipe simu."

Akaniwekea programu inayoitwa Feeder. Nimeitumia tangu wakati huo na bado naitumia, kwa hiyo nina la kumwambia mtu anayefikiria kuanza.

Tovuti nyingi, mbali na kurasa tunazoziona, huwa na faili moja ndogo yenye orodha ya mambo mapya: kichwa cha habari, kiungo, tarehe na saa, pamoja na maelezo mafupi au makala nzima. Hiyo ndiyo inayoitwa mlisho, na RSS ni namna ya kuuandika. Programu ya kusomea milisho hupita kwenye anwani ulizoipa, inalinganisha orodha ya sasa na ile iliyoikuta mara ya mwisho, kisha inakuletea yaliyoongezeka tu. Kazi yenyewe ni hiyo. Mwenye tovuti hapati jina lako wala barua pepe yako, na hakuna kampuni inayokaa katikati kuamua kwamba hii utaipenda, ile usiione.

Nilitaka kuiona hiyo faili kwa macho yangu, naye akanifungulia mlisho wa Global Voices kwa Kiswahili kwenye kompyuta ya ofisini, sw.globalvoices.org/feed. Ni maandishi matupu, hakuna picha wala rangi. Linafunguka fungu lililoandikwa item, ndani yake kuna title, chini yake link, kisha pubDate yenye siku na saa, halafu description, fungu linafungwa na linafuata jingine la namna hiyo hiyo. Nilipoona hivyo ndipo nilipoelewa kwa nini haili bando. Ukurasa wa kawaida wa gazeti la mtandaoni hubeba picha, matangazo na mambo mengine mengi ambayo hukuyafuata. Hapa yanashuka maneno. Na kama tovuti haijaandika chochote kipya, mitambo mingi hujibu tu kwamba hakuna mabadiliko, na faili yenyewe haitumwi tena.

Watu niliowaeleza habari hii wamegawanyika. Vijana hawajawahi kuisikia, na wenye umri wangu waliowahi kuisikia hudhani ilishakufa. Wana sababu ya kudhani hivyo. RSS ilianza katika kampuni ya kivinjari ya Netscape mwaka 1999, na toleo la 2.0 ambalo tovuti nyingi zinalitumia hadi leo lilitoka 2002. Google Reader, huduma ya kusomea milisho iliyoanza 2005, ndiyo iliyokuwa kipenzi cha wasomaji wengi, nayo Google wakaifunga tarehe 1 Julai 2013. Mwaka huo huo Twitter ikaondoa milisho yake. Mwishoni mwa 2018 Firefox nayo ikatoa sehemu yake ya kusomea milisho. Lakini tovuti zenyewe hazikuacha. Podikasti nyingi unazozisikiliza hukufikia kwa RSS, na tovuti zilizojengwa kwa WordPress hutoa mlisho wenyewe bila mwenye tovuti kugusa kitu, mara nyingi bila hata yeye kujua.

Nije kwenye Feeder. Ni ya Android peke yake, ni ya bure, haina matangazo, na haikuombi ufungue akaunti. Inapatikana Play Store na pia F-Droid, duka jingine la programu za Android. Ukiifungua mara ya kwanza huna unachokiona, maana bado hujaiambia ufuate nini, na nadhani hapo ndipo wengi huiacha. Kuongeza tovuti ni rahisi: unachagua kuongeza mlisho, unabandika anwani ya tovuti vile ilivyo, nayo inatafuta yenyewe. Ikiupata inakuonyesha jina, unalikubali, unaupa kundi. Makundi yangu ni Bandari, Ushuru, Kiswahili na Mapishi.

Isipoupata, usikate tamaa upesi. Jaribu kuongeza /feed mwishoni mwa anwani, hasa kama tovuti ni ya WordPress. Zile za Blogger huongezwa /feeds/posts/default. Kila chaneli ya YouTube nayo ina mlisho wake, na hivyo ndivyo ninavyofuata mapishi: video mpya ikitoka naiona kwenye orodha yangu, naifungua hiyo hiyo, natoka. BBC Swahili wana mlisho, ila wao hutoa kichwa na sentensi moja mbili, ukitaka zaidi unafuata kiungo.

Hapo ndipo pa kuangalia kabla hujaipenda au kuichukia programu yoyote ya aina hii. Kuna milisho inayotoa makala nzima na kuna inayotoa kionjo tu. Feeder ina mpangilio wa kwenda kuchukua makala kamili kutoka kwenye tovuti na kukuwekea ndani ya simu, na kwa tovuti nyingi unafanya kazi vizuri. Kwa baadhi unaleta maelezo ya picha yamejichanganya katikati ya aya, na kwa zile za kulipia haupiti, kama inavyostahili. Mimi nimeuwasha kwa kundi la Bandari, kwa sababu makala hizo nazisoma kivukoni.

Naishi Likoni. Asubuhi, kabla sijatoka, simu inachukua habari kwa intaneti ya nyumbani. Nimeiwekea isichukue kitu ila kwa Wi-Fi, na picha nazo vivyo hivyo. Nikifika kivukoni, katika ule msongamano wa watu na mikokoteni, sihitaji mtandao. Nafungua kundi la Bandari, napitia vichwa, nasoma vinavyonihusu, vilivyobaki naviwekea alama kwamba vimeshasomwa. Kabla feri haijagusa upande wa kisiwani najua kampuni gani imetangaza kuongeza ada na meli gani imeruka bandari. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Kenya na Tanzania, kurasa za kivinjari zilikuwa zinazunguka tu bila kufunguka. Milisho iliendelea kupenya kidogo kidogo, na makala zilizokwisha kuingia kwenye simu zilisomeka kama kawaida. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kumjibu mteja, hilo peke yake lilitosha.

Ila kilichonishika hasa ni kwamba orodha ina mwisho. Unasoma, unafika chini, hakuna kingine. Kwenye Facebook au TikTok hakuna mahali pa kufika. Unashusha kidole na kingine kinapanda, na saa nzima inapita huku ukishindwa kusema umesoma nini. Hapa habari zimepangwa kwa saa zilivyotoka. Ya mchana iko juu ya ya asubuhi, hata kama ya asubuhi ilipigiwa kelele zaidi. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kuisifu huduma hii kuliko sifa nyingine zote, kwa sababu kimenirudishia uamuzi wa kusoma nini na kuacha saa ngapi. Nimemaliza, naweka simu mfukoni, naendelea na siku yangu.

Jambo la pili nililolithamini polepole ni tovuti zinazoandika kwa nadra. Kuna mtu anayeandika juu ya majahazi na historia ya pwani mara moja baada ya miezi kadhaa, na anaandika vizuri sana. Kwa kivinjari ningemsahau, maana nani ataenda kuangalia tovuti tupu kila wiki? Kwenye mitandao ya kijamii angezama siku hiyo hiyo. Kwa RSS anakaa kimya kwenye orodha yangu bila kunisumbua, na siku akiandika, naliona andiko lake pale juu pamoja na mengine. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usiijaze kwa magazeti makubwa yanayotoa habari kila dakika. Gazeti moja la namna hiyo linaweza kufunika wote wengine kabla ya adhuhuri. Kama unalihitaji, lipe kundi lake peke yake. Nafasi nzuri wape wale wachache wanaoandika kwa kituo.

Kasoro zipo. Baadhi ya simu hubana programu zinazofanya kazi zikiwa zimefungwa ili kuokoa chaji, na usipoiruhusu Feeder kwenye mipangilio ya betri, utaamka ukute habari za jana. Lugha ya mipangilio nayo ina istilahi zinazomtisha mgeni; bila kijana wa kunishika mkono mwanzoni ningechukua muda mrefu zaidi. Tena, kila kitu kinakaa ndani ya simu yako. Hilo mimi nalipenda, lakini anayetaka kuanza kusoma kwenye simu na kuendelea kwenye kompyuta atafaidika zaidi na huduma zenye akaunti kama Feedly au Inoreader. Feedly ya bure inakuruhusu kufuata hadi vyanzo 100, idadi ambayo kwa mtu wa kawaida ni kubwa. Mwenzangu wa meza ya pili ana iPhone, ambako Feeder haipo, na anatumia NetNewsWire. Hiyo pia ni ya bure, haina matangazo, na asili yake ni ya zamani, tangu 2002 kwenye kompyuta za Mac. Nimeishika mkononi, ni nyepesi na safi, na ningekuwa na simu hiyo nisingetafuta nyingine.

Na uzuri ni kwamba hufungwi na yeyote kati yao. Programu zote hizi hutoa orodha ya milisho yako katika faili moja iitwayo OPML. Nilimtumia mwenzangu huyo ya kwangu kwa WhatsApp, akaiingiza kwenye NetNewsWire, na papo hapo akawa na tovuti zote za Bandari na Ushuru nilizozikusanya kwa miezi. Siku hizi karani mpya akiingia ofisini, faili hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza tunavyompa, pamoja na orodha ya namba za simu za madereva.

Kinachoniuma ni tovuti ambazo hazina mlisho kabisa. Taasisi moja ninayozihitaji notisi zake kila wiki huzipandisha kama PDF kwenye ukurasa mmoja mrefu, bila tarehe iliyo wazi, kisha huweka picha ya notisi hiyo kwenye mtandao wa kijamii. Mfanyabiashara mdogo wa soko la Kongowea anayeagiza mitumba ana haki ya kuiona notisi siku ile ile anapoiona wakala mkubwa mwenye mtu wa kukaa kwenye kompyuta kutwa, na mlisho ungemfikishia bila gharama yoyote. Nimewaandikia kuwaomba wauwashe, nikawaeleza kwamba mfumo wao huenda tayari una uwezo huo. Barua ilipokewa. Hadi watakapojibu, tovuti hiyo naiangalia kwa mkono kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na nikikuta notisi mpya natuma kiungo chake kwa wateja wangu wote kabla ya saa nne.