Kikombe au sanduku la zana?

Mwanagenzi bora apewe nini: kikombe na cheti, au zana? Kikombe kina raha yake. Picha zinapigwa, mama anapiga vigelegele, cheti kinatundikwa sebuleni. Basi.

Kule Katwe, Kampala, mteja aliyeleta geti lililopinda hasomi ukuta. Anapitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea, akihisi kijishimo anaondoka. Binti aliyetuzwa mashine ya kuchomelea, grenda, kinga ya uso na glavu za ngozi anaanza kazi Jumatatu. Asiye nazo anasubiri bosi amalize ndipo aazime. Kweli, zana huibiwa, na kodi ya chumba ikibana huuzwa. Bado nazichagua.

Tusichanganye tu cheti cha sherehe na hati ya ujuzi. Nchini Uganda, hata aliyejifunzia gereji anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa hati. Hiyo ni haki yake, si zawadi.

Na mwalimu bora? Hapo nageuza kauli. Zana za chuo anazo. Anachokosa ni kutajwa jina mbele za watu. Yeye mpeni kikombe.