Nimeicheki tena Top Secret! ya 1984, bado mbavu sina

Jamani hii muvi nilikuwa nimeiacha miaka mingi nikijua ni zile za utotoni, ukikua huoni tena kinachochekesha, kumbe wapi, nimecheka mpaka naisimamisha kwanza nivute pumzi.

Kwa ambao hamuijui, stelingi ni Val Kilmer, ndio muvi yake ya kwanza kabisa, anacheza kama Nick Rivers, mwanamuziki wa rock n roll wa Marekani kaalikwa kupiga shoo Ujerumani Mashariki, huko anakutana na mrembo anaitwa Hillary ambaye baba yake ni mwanasayansi kafungwa, basi naye anajikuta kwenye vita vya chinichini. Sasa hao askari wa Ujerumani Mashariki wanavaa na kutembea kama wa enzi za Hitler, na waasi wenyewe ni Wafaransa, na hakuna anayekueleza kwa nini, wewe twende tu. Madairekta ni wale watatu wa muvi ya vichekesho Airplane! ya 1980, Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker. Halafu nyimbo Kilmer anaimba mwenyewe na anaimba vizuri kweli!

Kinachoibeba mpaka leo ni vichekesho vya macho. Kuna simu iko mbele ya kamera inaonekana kubwa kwa sababu iko karibu, unaona kawaida tu, mpaka afande anakuja kuipokea unakuta kweli ni jisimu la ajabu. Treni inaondoka, kumbe kinachoondoka ni stesheni. Ila mfalme wao ni ile sini ya duka la vitabu, mwenye duka akiwa mwigizaji mzee Peter Cushing: waigizaji walicheza kinyumenyume halafu filamu ikarudishwa nyuma, kwa hiyo maongezi yanatoka kama lugha ya sayari nyingine, Nick anarusha vitabu juu vinajipanga vyenyewe kwenye rafu, na mzee akishusha ile lenzi ya kukuzia unakuta jicho lake kweli ni kubwa vile vile. Safari hii niliangalia miguu yao tu, mwendo una kitu hakiko sawa, ukishakiona huwezi kuacha kukiona.

Na wote wako siriaz, ndio siri yenyewe. Omar Sharif anapondwa na mashine ya vyuma chakavu ndani ya gari na bado anabeba heshima zake zote. Muziki kaandika Maurice Jarre, yule aliyeandika muziki wa muvi ya Lawrence of Arabia, na kaupiga kama vile ni vita ya kweli.

Kuna vilivyochacha lakini. Lile gari aina ya Pinto linaguswa kidogo tu linalipuka, hapo kama hujui sifa mbaya ya hilo gari ya kushika moto likigongwa nyuma miaka ya sabini utabaki unashangaa. Na ile sehemu ya Hillary kukumbuka maisha ya kisiwani jamani inavuta, niliiruka.

Ni dakika 90 tu. Usiicheki huku unachati, maana nusu ya utani uko nyuma ya wanaoongea. Naipa 8 kwa 10, hizo 2 zimebaki kule kisiwani.