Nyota tatu na nusu: kupanda Kilimanjaro na kampuni ya hapa Moshi

Wanangu walinilipia safari ya kupanda Kilimanjaro iwe zawadi ya kustaafu. Wenzangu hupewa ng'ombe. Nimekuwa bwana afya mkoa huu tangu ujana wangu: nimefunga mabucha, nimekagua migahawa, nimechungulia vyoo vya shule mpaka pua ikazoea. Kwa hiyo anayetaka habari za machozi kileleni na picha za mawingu akatafute kwingine, zimejaa tele. Mimi nitasema juu ya choo, maji machafu na takataka, maana ndivyo ninavyovijua, na ndivyo kampuni za mlima hazipendi kuulizwa.

Jina la kampuni silitaji. Ofisi yao iko mjini, bei yao ni ya kati, na mengi ninayowalaumu niliyaona kwa makundi mengine pia, tena kwa kiwango kibaya zaidi.

Tulikuwa wanne: mimi, binti yangu, mumewe, na mdogo wa mumewe aliyekuja kutoka Dar akiwa na katoni nzima ya maji ya chupa. Nyuma yetu walikuwepo viongozi, mpishi, na wapagazi ambao wenyewe hujiita wagumu. Ukiwajumlisha wote, walituzidi zaidi ya mara tatu. Hesabu hiyo nitairudia.

Mazuri kwanza, maana yapo. Kwenye geti la Machame, tulikoanzia kupanda, kila mzigo wa mgumu unawekwa kwenye mizani, na kikomo ni kilo 20. Kundi la jirani walikuwa wamepiga magoti kwenye majani wanahamisha viazi kutoka gunia hili kwenda lile. Vijana wetu walikuwa wamepima mjini, wakapita moja kwa moja. Chupa za plastiki za kutumia na kutupa haziruhusiwi hifadhini, na ofisi ilikuwa imetuambia mapema. Katoni ya shemeji ikabaki kwenye gari. Alinuna mpaka kambi ya kwanza.

Jikoni walipikia gesi mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyeokota hata kijiti. Hilo nalipa alama nyingi kuliko supu, ingawa supu ilikuwa nzuri. Oktoba 2020 mlima uliwaka, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walisema moto ulianzia Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Sisi wa huku chini tuliuona usiku ukimulika juu ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Kule juu majani yanakauka, upepo hauna adabu, na gari la zimamoto halifiki. Kampuni inayobana gesi ili kupunguza bei usiisogelee.

Maji nayo waliyashughulikia vizuri. Kwa njia ya Machame, kambi ya Karanga ndipo unapochota kwa mara ya mwisho. Ukishapita hapo, kila tone la chai unalokunywa kwenye kambi ya Barafu limepandishwa na mtu. Nilimwona kijana akipandisha madumu hayo huku akipiga mluzi, mimi nimeinama juu ya fimbo natafuta pumzi.

Sasa choo.

Kampuni inakodisha choo cha kubeba: kihema chembamba cha kusimama, ndani kiti cha plastiki chenye tanki na dawa ya buluu. Unalipia pembeni, na dada wa mapokezi alimwambia binti yangu kwamba ni vitu vya Wazungu, Watanzania wengi hawachukui. Nikamwambia binti yangu achukue. Kijana aliyekibeba, mpole sana, alikisugua kila asubuhi kikang'aa. Nilimwomba anionyeshe glavu zake. Zilikuwa zile nyembamba za kushikia chakula, moja imechanika kwenye kidole gumba. Mtu anabeba kinyesi cha wateja wenu kwa glavu za kupakulia pilau! Nilimpa jozi yangu nzito ya mpira, kwa sababu mimi sisafiri bila glavu, wanangu wacheke wanavyotaka.

Nikamuuliza uchafu anaumwaga wapi.

"Kwenye choo cha kambi, mzee."

Jibu sahihi. Vyoo vya kambi ni vya shimo. Vingine vimejengwa vizuri, vingine unafungua mlango unaufunga tena. Lakini vipo, na mtu akiwa kambini hana sababu ya kwenda nyuma ya jiwe.

Shida ni kwamba mtu hakai kambini kutwa. Siku ya kupita mwamba wa Lava Tower mnatembea saa nyingi, mmekunywa maji kwa amri ya kiongozi, mko kwenye mita 4,600 hivi, na tumbo kule juu lina mambo yake. Tulipofika kwenye ule mwamba kwa chakula cha mchana nilizunguka upande wa pili. Sikuhitaji kuuliza njia, karatasi zilikuwa zinanielekeza. Nyingine zimebanwa chini ya kokoto, mtu ameona aibu nusu. Nyingine zimenasa kwenye majani makavu. Na katikati yake vile vitambaa laini vyenye unyevu vya kufutia watoto, vyeupe vile vile kama vilivyotoka paketini. Wengi wanadhani ni karatasi. Aina nyingi zimechanganywa na nyuzi za plastiki, na pale, penye baridi na ukavu, hata karatasi ya kawaida haina haraka ya kuoza. Kinyesi ni hivyo hivyo. Wadudu wanaokimaliza shambani kwako Uru, kule juu ni wachache na wamelala. Ulichokiacha leo kinangoja mvua ikishushe.

Kiongozi wetu mkuu, mtu wa makamo mwenye heshima zake, alinikuta nimechuchumaa natazama.

"Babu, umepoteza kitu?"

"Hapana. Natafuta aliyepoteza."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia wanapotaka kushuka takataka zinapimwa, na kundi linaloshuka na mfuko mwepesi linaulizwa. Najua, nami nausifu utaratibu huo. Lakini karatasi ya chooni haina uzito. Mizani inakamata makopo, maganda ya ndizi na mabaki ya wali, na hata siku moja haitakamata kilichofichwa nyuma ya Lava Tower. Hilo linabaki mikononi mwa kampuni: mpe kila mteja kifuko kisichovuja cha kurudisha karatasi yake, mwambie ofisini kabla hajapanda, bila haya. Kampuni hii haikutugawia. Walitugawia pipi.

Na sasa ile hesabu. Choo cha kubeba kilikuwa cha sisi wanne. Wagumu hawaruhusiwi kukigusa isipokuwa kukiosha. Wao hutangulia, hufunga kambi na kuifungua, hukimbizana na jua, na wakibanwa njiani wanabanwa kama binadamu yeyote. Ukipanda na kampuni yoyote, watu wengi walioko juu si wateja. Makumi ya maelfu ya wapandaji wanakuja kila mwaka, kila mmoja na kundi lake nyuma. Kampuni inayonunua choo cha wanne na kuwaacha wengine wote wajitegemee haijatatua tatizo, imelihamisha machoni pa mteja. Nilipouliza, nilijibiwa kuwa wagumu wamezoea. Nimelisikia neno hilo kwa wenye viwanda, kwa wakuu wa shule na kwa wenye nyumba za kupanga, na kila mara nilipolisikia nilitoa kitabu cha faini.

Chakula cha njiani nacho kina lawama. Boksi la mchana lilikuwa na kuku kwenye karatasi ya fedha, biskuti kwenye paketi, keki kwenye nailoni, juisi ya boksi na mrija uliofungwa kwenye kinailoni chake. Hicho kinailoni cha mrija ndicho adui. Unakichana kwa meno, upepo unakichukua kabla hujatema. Kunguru wa kule, wakubwa, wenye kiraka cheupe shingoni, wanakaa mita mbili wakingoja, na wamejifunza kufungua zipu ya begi. Nilimwona mmoja akiondoka na kinailoni cha keki. Mngetupikia viazi vitamu na mayai, mkatuwekea kwenye kontena la kurudisha, tungeshiba na mfuko wa taka ungekuwa mdogo.

Kambi ya Barranco ndipo nilipogombana na mpishi. Mzuri kwa kupika, mbaya kwa kuosha. Alichukua karai la maji ya vyombo, lenye mafuta na sabuni, akaenda kuelekea kijito.

"Mzee, si maji tu haya, yatatiririka."

"Yatatiririka kwenda wapi?"

Akanyamaza. Maji ya upande ule yanashukia Umbwe, huko kwetu Kibosho. Nikamwonyesha pa kumwaga: mbali na kijito, kwenye changarawe, yakiwa yamechujwa, na makombo yakaingia kwenye mfuko. Alifanya bila kinyongo, na siku zilizofuata alifanya bila kuambiwa. Kumbe hakuna aliyewahi kumfundisha. Mtu amepewa mafunzo ya kukata karoti iwe ua, hakupewa somo la karai.

Mimea ya bonde hilo nitaisema kwa ufupi kwa sababu wengi wameshaisifu. Yale masenesio makubwa, kwa kitaalamu Dendrosenecio kilimanjari, yanafanana na migomba iliyovaa makoti. Koti hilo ni majani yao ya zamani yaliyokauka, hayadondoki, yanakinga shina na baridi ya usiku. Watu wanayabandua ili waegemee wapige picha. Wateja wa kundi jingine walifanya hivyo mbele ya kiongozi wao, naye akawashikia simu. Kiongozi wetu alituzuia mapema, tena kwa upole: "Msimvue nguo, usiku ni mrefu." Alama kamili kwake.

Kileleni tulifika, mita 5,895, kuna baridi na foleni ya picha. Njiani nimeona majina yameandikwa kwenye mawe kwa kalamu ya rangi, mengine ya Kiswahili kabisa, kwa hiyo tusiwasingizie wageni peke yao.

Kushuka kuelekea Mweka ndiko nilikoona uharibifu ambao hakuna anayeuhesabu. Kwenye msitu njia ikiwa na tope, kila mtu anakwepa kwa kukanyaga pembeni. Pembeni panakuwa tope, anayefuata anakwepa zaidi. Mahali pengine njia imekuwa pana na mizizi imebaki wazi, na mvua ikija inaushusha udongo wote. Dawa yake ni buti la kufika juu ya kifundo na kukanyaga tope lenyewe. Duka la kampuni linakodisha buti, mazuri tu, ila gaiters, yale magamba ya kufunika kifundo, walikuwa na jozi mbili kwa watu wanne. Mkwe wangu alikwepa tope njia nzima. Nilimkumbusha, akaniitikia "ndiyo baba," akaendelea kukwepa.

Nawapa tatu na nusu. Usalama, gesi, uzito wa mizigo na tabia ya viongozi vingewapa tano. Nimewakata kwa choo cha wagumu, kwa glavu, kwa boksi la mchana, na kwa kutokuwa na vifuko vya karatasi. Nilipita ofisini nikawaeleza haya ana kwa ana kabla ya kuyaandika. Meneja alisikiliza vizuri, akaandika, akasema choo cha pili kitaongeza mbebaji mmoja na bei itapanda. Nikamwomba anipigie hesabu: gharama ya mbebaji mmoja, igawanywe kwa wateja wanne. Alipiga kwenye simu yake, akaitazama, akasema si kubwa sana.

Mwanangu wa pili anataka kupanda mwakani kwa njia ya Lemosho. Nimemwambia awachukue hao hao, ila kabla hajatuma malipo ya awali aulize wagumu watakwenda wapi, na aombe jibu kwa maandishi.