Scrapy: uzoefu wangu wa kuvuna data kwa msimbo mfupi na mipangilio mingi

Kama unachotaka ni jedwali moja kutoka ukurasa mmoja, achana na Scrapy, mfumo wa Python wa kuvuna data kutoka tovuti. Maktaba za Requests (ya kuomba kurasa) na BeautifulSoup (ya kuzichambua) zinatosha, na utakuwa umemaliza kazi kabla hujafika nusu ya nyaraka zake. Mimi niliihamia pale kurasa zilipoanza kuwa nyingi, kila moja na kiungo cha inayofuata. Nimebaki nayo kwa sababu moja: mambo niliyokuwa nayaandika upya katika kila programu ya kuvuna, sasa nayawasha kwa mstari mmoja wa mipangilio.

Mfano ni ombi lililogonga mwamba. Seva ikijibu 503 (haipatikani kwa sasa) au 429 (maombi yamezidi), au muunganisho ukikatika, Scrapy inajaribu tena yenyewe mara 2. Ukitaka iwe mara 5, unaandika RETRY_TIMES = 5 na habari imeisha. Ukurasa uliokwisha kuombwa hauombwi tena hata viungo 10 vikielekea huko. Kuki inazitunza yenyewe. Buibui wenyewe (ndivyo hizi programu ndogo zinavyoitwa) wanabaki wafupi: anwani ya kuanzia, unachochota, na kiungo cha kufuata.

Anayeanza namshauri aende books.toscrape.com, duka la vitabu la kuigiza lililowekwa kwa ajili ya mazoezi: vitabu 1,000, 20 kwa kila ukurasa. Linaonekana rahisi, lakini limejaa mitego ileile utakayokutana nayo kwenye tovuti za kweli. Jina refu la kitabu hukatwa likaishia na nukta tatu, kwa hiyo kichaguzi cha CSS (maelezo ya sehemu ya ukurasa unayoitaka) h3 a::text kinakupa kipande tu. Jina zima limo kwenye sifa ya title, nawe unalitoa kwa h3 a::attr(title). Nyota hazikuandikwa kwa tarakimu popote, zimefichwa ndani ya class: star-rating Three. Halafu kuna bei. Ukiuchukua ukurasa huo kwa Requests na kusoma .text, alama ya pauni inatoka ikiwa imetanguliwa na Â, kwa kuwa seva haisemi herufi zimesimbwa vipi na Requests inaangukia usimbaji wa ISO-8859-1. Scrapy huchungulia tamko la charset ndani ya HTML yenyewe, bei ikatoka safi.

Majaribio yote hayo nayafanyia kwenye scrapy shell (dirisha la kuandikia amri na kuona jibu papo hapo), na kwangu hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote. Unaipa anwani, inaleta ukurasa mara moja, kisha unajaribu response.css() moja baada ya nyingine bila kuisumbua seva tena. Jibu likija tupu, andika view(response): kivinjari kinafunguka na kukuonyesha kile hasa Scrapy ilichopokea, ambacho mara nyingi sicho unachokiona wewe ukitembelea tovuti hiyo.

Sasa lawama. Adabu ya buibui wako inategemea ulivyomwanzisha, na jambo hili linapaswa kupigiwa kelele zaidi. Ukiunda mradi kwa amri ya startproject, faili la settings.py linakuja na ROBOTSTXT_OBEY (kutii robots.txt) ikiwa True. Ukiandika faili moja tu na kuliendesha kwa amri ya runspider, thamani hiyo ni False, tena DOWNLOAD_DELAY (sekunde za kusubiri kati ya maombi) ni 0 na maombi 8 yanaweza kuigonga domeini moja kwa wakati mmoja. Yaani robots.txt, faili ambalo tangu 1994 wenye tovuti wanalitumia kuyaambia maroboti yasiingie wapi, halitazamwi kabisa. Ndiyo maana kila buibui wangu wa faili moja ana haya:

custom_settings = {
    "ROBOTSTXT_OBEY": True,
    "DOWNLOAD_DELAY": 1,
    "AUTOTHROTTLE_ENABLED": True,
    "HTTPCACHE_ENABLED": True,
}

AutoThrottle hupima seva inachukua muda gani kujibu, ikielemewa yenyewe inapunguza mwendo. HTTPCACHE huhifadhi kurasa kwenye diski, kwa hiyo unarekebisha msimbo na kuuendesha tena utakavyo bila kugusa mtandao. Raha tupu wakati wa kujenga. Ila kwa kawaida akiba hiyo haiishi muda wake: usipoizima siku ya kazi yenyewe, utakuwa unavuna kurasa za juzi huku ukidhani ni za leo.

Kuna na suala la herufi moja kwenye teminali, unapoiambia Scrapy iandike matokeo kwenye faili gani. -O inafuta faili la zamani na kuandika upya. -o inaongezea mwishoni. Kwenye JSON Lines (.jsonl, kila rekodi kwenye mstari wake) kuongezea hakuna neno, lakini faili la .json lililoongezewa linakuwa orodha mbili zilizobandikwa pamoja, na hakuna programu itakayolisoma. Mimi hutoa .jsonl siku zote.

Kinachowakimbiza wengi ni JavaScript, msimbo unaojaza ukurasa ndani ya kivinjari. Scrapy haiiendeshi, basi. Jibu la haraka la watu ni kubandika scrapy-playwright, ambayo inafungua kivinjari kizima nyuma ya pazia: inafanya kazi, lakini inakula kumbukumbu na mwendo unapungua. Kabla ya kufika huko, fungua zana za msanidi kwenye kivinjari, nenda sehemu ya mtandao, pakia ukurasa upya na utazame maombi. Mara nyingi data inakuja kutoka anwani yake yenyewe ikiwa JSON, nawe unaiomba moja kwa moja na kuisoma kwa response.json(). Isipokuwepo huko, tafuta ndani ya lebo za script. Ukurasa wa mazoezi quotes.toscrape.com/js umejengwa hivyo: nukuu hazipo kwenye HTML inayoonekana, lakini zote zimo kwenye kigeu kinachoitwa data, na regex (muundo wa kutafutia maandishi) fupi inazitoa.