Kopo la kuondoa madoa ya kutu bwawani: linafanya kazi, ila usianze nalo

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo nipo Usa River, nje kidogo ya Arusha, kwenye bwawa la kuogelea la mama mmoja aliyeniruhusu kurekodi kwa sharti moja tu, nisioneshe nyumba yake. Kwa hiyo kamera itatazama chini muda wote, na shughuli yenyewe iko huko huko chini. Hebu tazameni hizi ngazi. Vigae vyeupe hivi. Sasa hivi vina rangi ya chai ya rangi, na kwenye grauti, katikati ya kigae na kigae, ni kahawia kabisa. Maji yenyewe hayana shida, unaona mpaka chini. Ndiyo maana watu wanachanganyikiwa: maji yanang'aa, bwawa linaonekana chafu.

Mezani nina vitu vinne. Hili kopo la unga wa kuondoa madoa, ambalo wengi mmeniuliza. Chupa ya dawa ya kushika madini. Stripu za kupimia maji. Na seti ya kupimia kwa matone. Sitataja chapa ya kopo wala ya chupa, na si kwa woga. Vitu hivi vinauzwa kwa majina mengi na ndani mara nyingi ni kilekile, kwa hiyo nitawaonesha cha kusoma nyuma, halafu mtanunua mnachokipata.

Kabla hela haijatoka mfukoni, tujue hili doa ni la nini. Si kila kahawia ni kutu. Jakaranda zikimwaga maua mwezi wa kumi na wa kumi na moja, au majani ya mparachichi yakilala chini siku mbili tatu bila kutolewa, yanaacha kahawia inayofanana sana na hii. Kipimo chake ni rahisi: nenda duka la dawa, nunua vidonge vya vitamini C, ikiwezekana vile visivyotiwa rangi. Mimi ninacho hapa. Nakibonyeza kwenye ngazi ya juu, palipo na doa, nakisugua taratibu… subirini… natoa. Mmeona? Pametoka duara jeupe. Basi hiyo ni chuma, hakuna ubishi.

Doa la majani halijali vitamini C. Hilo huondoka kwa klorini, na kama bwawa lako ni la vigae ukiweka chembe chache za klorini juu yake utaliona linapauka. Rangi ya bluu-kijani au weusi, fikiria shaba, hasa kama umekuwa ukitumia dawa ya mwani yenye shaba. Na ukiona doa moja tu la duara, la rangi ya machungwa, linalorudi palepale kila ukilifuta, tafuta pini ya nywele au msumari uliozama. Usipouona, huenda ni nondo iliyo karibu na uso wa ukuta imeanza kuota kutu. Hapo hakuna kopo litakalokusaidia, mwite fundi ujenzi.

Sasa kopo letu. Naligeuza. Viambato: asidi ya askobiki. Basi! Ni vitamini C ileile ya duka la dawa, imesagwa, imewekwa kwenye kopo lenye picha ya bwawa la buluu. Sisemi ni wizi. Kitu kinafanya kazi, na kinafanya kazi haraka kuliko dawa nyingi za bwawa ninazozijua. Lakini kama muuza kemikali anaweza kukuuzia kilo ya asidi ya askobiki bila picha, linganisha bei kwanza. Mimi naona picha hiyo inalipiwa sana.

Kitu ambacho kopo halikuambii ni hiki. Kutu ni chuma kisichoyeyuka, kimeng'ang'ania kigae. Vitamini C inakirudisha kuwa chuma kinachoyeyuka, kinaachia, kinaingia majini. Hakijaenda popote! Kipo kwenye maji yako, hakionekani, kinasubiri. Siku utakapomwaga klorini ya kutosha, inakigeuza kutu tena, na kinatafuta pa kukaa. Ndiyo maana utasikia mtu anasema "ile dawa feki, doa limerudi baada ya wiki." Dawa haikuwa feki. Alihamisha chuma kutoka ukutani kwenda majini, kisha akakirudisha mwenyewe ukutani.

Kwa hiyo swali linalofuata ni chuma kimetoka wapi. Hapa kwa mama bwawa linajazwa na kisima kirefu. Nina ndoo nyeupe, lazima iwe nyeupe, nimeijaza maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba la kisima. Safi, si ndiyo? Unaweza kumpa mgeni. Naweka chembe kidogo za klorini ya unga, nakoroga. Sogeza simu karibu. Inaanza… njano… sasa tazama, kahawia. Hiyo ndiyo rangi ya ngazi. Kila maji yakipungua kwa jua na mtu akafungua bomba kuongeza, anaongeza na chuma. Maji ya kunywa yenyewe, chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita kinaanza kuacha madoa kwenye nguo na masinki. Sembuse bwawa, ambalo maji yanapungua, yanaongezwa, na chuma kinabaki kikilundikana.

Anayenunua maji ya boza afanye jaribio hilohilo la ndoo kabla boza halijamwaga. Dereva atanuna kidogo, mvumilie. Lori linaweza kuwa limechota popote, na tangi lenyewe likiwa la chuma lenye kutu ndani, hilo nalo linachangia.

Halafu kuna jambo la maji yetu ya huku. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano, yana bikaboneti nyingi ya sodiamu na kalsiamu kidogo. Ndiyo maji yaleyale yenye floraidi inayobadilisha meno ya watoto rangi. Wengi wananiuliza kama kahawia ya meno na kahawia ya bwawa ni kitu kimoja: hapana, floraidi haipaki vigae rangi. Kinachotusumbua bwawani ni ile bikaboneti. Inafanya alkaliniti, yaani uwezo wa maji kupinga asidi, iwe juu, na alkaliniti ikiwa juu, pH (namba ya uasidi wa maji: ikiwa juu, asidi ni kidogo) inapanda yenyewe kila siku kadiri gesi ya kaboni inavyotoka majini. Na pH ikipanda, chuma hakikai majini, kinakimbilia ukutani. Kwa hiyo mtu wa Usa River na Tengeru anaweza kupata madoa kwa chuma kidogo ambacho kwenye maji yenye pH ya chini kingevumilika.

Tupime. Stripu kwanza, nazipitia haraka: zinafaa kukuambia kama kuna klorini au hakuna. Nje ya hapo rangi zake zinabishaniwa, na kopo la stripu likiingia unyevu umeshazipoteza. Kuamua utie lita ngapi za asidi kwa kuangalia stripu, hapana.

Pia kuna kile kiboksi cha mirija miwili, mmoja unageuka njano, mwingine nyekundu. Wengi mnacho. Upande wa nyekundu, wa pH, ni mzuri tu. Upande wa njano unapima klorini yote kwa pamoja, iliyo hai na iliyokwisha fanya kazi, hautenganishi. Bwawa linaweza kuonesha njano ya kuridhisha huku klorini huru, ile iliyo hai, ikiwa haitoshi.

Seti ya matone ndiyo naipa kura. Hii niliyonayo ni Taylor K-2006. Inapima klorini huru mpaka kwenye sehemu ndogo, miligramu 0.2 kwa lita ukitumia maji mililita 25, na inapima alkaliniti, kalsiamu na stebilaiza, ile dawa inayokinga klorini isiharibiwe na jua. Chuma haipimi, ndoo yetu inatosha kwa hilo. Ni ghali, ndiyo. Lakini ni ya kwanza kununua, kabla ya kopo lolote. Angalieni alkaliniti: maji yamekuwa ya kijani, kila tone ni 10, nahesabu mpaka yageuke mekundu. Kumi… kumi na tano… ishirini… ishirini na moja, hapo. Yaani miligramu 210 kwa lita. Tunataka kati ya 80 na 120. Na pH hii hapa imefika 8, wakati tunataka 7.2 hadi 7.6. Sikushangaa.

Kuishusha tunatumia asidi ya haidrokloriki. Bwawa hili ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, sawa na lita 45,000 hivi. Kila kupunguza 10 za alkaliniti inakula karibu mililita 900 za asidi ya asilimia 31. Usimwage zote mara moja! Tia kidogo, pampu ikizunguka, ushushe pH mpaka 7.0 au 7.2, halafu elekeza midomo ya maji juu yaruke-ruke. Hewa inapandisha pH bila kupandisha alkaliniti. Ikipanda, tia tena. Ni kazi ya siku kadhaa, haina njia ya mkato. Glavu, miwani, na asidi ndiyo iingie kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi.

Kalsiamu ya huku ikiwa chini ya 200 maji yanaanza kula grauti, na kwa sababu hiyo mimi napendelea klorini ya unga ya kalsiamu kuliko vidonge vya klorini. Inaongeza kalsiamu tunayoihitaji. Vidonge vinaongeza stebilaiza: kila klorini 10 inakuja na stebilaiza 6, na ikipita 50 klorini inakuwa mvivu. Na tafadhali, vidonge na unga visikutane kwenye ndoo moja wala kijiko kimoja, vinaweza kulipuka.

Sasa ndiyo zamu ya kopo. Klorini iachwe ishuke karibu na sifuri, siku chache bila kutia, jua la Arusha litakusaidia. Ukitia vitamini C kwenye maji yenye klorini, vinauana, umetupa hela. pH iwe 7.2. Weka dawa ya mwani isiyo na shaba, kwa sababu bwawa litakaa bila ulinzi, na hii si siku ya watoto kuogelea. Kisha kipimo: karibu nusu kilo kwa lita 40,000. Naunyunyiza pembezoni, zaidi juu ya ngazi… Na tazameni. Siongezi kitu, sikati video. Ile kahawia inaondoka yenyewe. Hapa ndipo watu wanapolipenda hili kopo, na nawaelewa.

Lakini msiondoke. Chuma chote kile sasa kipo majini. Hapa inaingia chupa. Nageuza nyuma, natafuta herufi nne: HEDP, asidi ya jamii ya fosfoniki. Ikiwa imeandikwa tu "fomula maalumu", rudisha rafuni. HEDP inakishika chuma kisitue ukutani. Fuata kipimo cha kwenye chupa yako maana ukali unatofautiana. Kisha rudisha klorini kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mwanzoni utapima utapata sifuri, ni vitamini C iliyobaki inaila, usipaniki ukamwaga kilo nzima. Na klorini inaivunja HEDP polepole, kwa hiyo chupa hii si ya mara moja, ni matumizi ya kila mwezi. Hapo ndipo gharama halisi ilipo.

Kama hutaki kulipa chupa milele, zuia chuma mlangoni. Kisima kijaze kwanza simtank. Maji yaingie kwa juu kupitia bomba lililotobolewa matundu, yaanguke kwa michirizi, yapate hewa. Kwa maji yetu yenye pH ya juu hewa peke yake inafanya kazi kubwa. Tia klorini ya unga, gramu 10 hadi 15 kwa tangi la lita 5,000 inatosha kama chuma ni miligramu mbili kwa lita. Yaache yatuame usiku kucha, kisha uchote kwa bomba lililo juu kidogo ya sakafu ya tangi, upitishe kwenye ndoo iliyojaa pamba ya poliesta, ile ya kujazia mito. Mtaiona inavyogeuka kahawia. Pamba hiyohiyo ukiiweka kwenye kikapu cha skima, ule mdomo wa pembeni unaovuta uchafu wa juu ya maji, nayo inakamata kutu inayoelea, ila itoe kabla haijaziba pampu ikakosa maji.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa kununua: seti ya matone, pamba ya mito, chupa ya HEDP, kopo la mwisho. Watu wa Moshi, Shanty Town na Rau, pimeni maji yenu wenyewe, msichukue namba za Usa River.

Na ukinunua asidi ya askobiki kwa wingi, iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri, mbali na klorini. Inatakiwa kuwa nyeupe. Ukifungua kopo dukani ukakuta imeshika mabonge na imekuwa ya njano, imeshaingiwa na hewa na unyevu. Mrudishie muuzaji.